Fomu za Kona ya Wauza Ndoo

Sura ya Nane

Lifti ya jengo lile la wapangaji wa njia, Mchafukoge, ilikuwa inafanya kazi siku inayotaka yenyewe, na siku hiyo haikutaka. Inspekta Sabaha Chilumba alipanda ghorofa nne kwa miguu, akafika juu akitweta, akaomba maji, akanywa, ndipo akakumbuka kusalimia. Kisha akatoa bahasha mbili za kaki mkobani na kuzilaza mezani, moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto. Ilikuwa saa tatu kasoro robo asubuhi.

Kila bahasha ilikuwa na fomu saba, za siku saba za Desemba iliyopita, zilizojazwa kwenye kituo kimoja cha kuhesabia abiria. Ofisini walikiita Kituo Namba Saba. Watu wa Kariakoo wanakijua kwa jina la Kona ya Wauza Ndoo. Fomu za kulia zilisema kwamba katika siku hizo saba watu karibu elfu themanini walipanda magari pale konani. Za kushoto zilisema hawakufika hata elfu thelathini. Zote zilikuwa na jina na sahihi ya msimamizi mmoja, Josepha Kessy. Seti moja ilikuwa ya kughushi, na Sabaha alikuwa na muda mpaka saa nane mchana kusema ni ipi.

Saa nane kamati ingekaa kupitisha njia mpya ya mabasi ya mwendokasi kutoka Buguruni hadi mjini. Hesabu kubwa ikisimama, njia ingepita katikati ya Kariakoo na kituo kingejengwa palepale konani. Hesabu ndogo ikisimama, mabasi yangezungushwa nyuma ya soko, na Josepha Kessy angelala mahabusu usiku huohuo kwa kosa la kughushi nyaraka za umma.

Josepha mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, chini ya ulinzi wa Koplo Beno Komba. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, amevaa sketi ndefu na raba za kutembelea. Hakuwa analia wala kulalamika. Alikuwa anatazama dirishani, midomo ikichezacheza, na Beno akadhani anasali.

"Unasali, dada?"

"Hapana. Nahesabu bodaboda zinazopita hapo chini. Mazoea tu."

Beno akacheka, kisha akakumbuka kwamba huyu ni mtuhumiwa, akakaza uso.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Injinia Adamu Mihayo, mpangaji mkuu wa njia. Kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi kwenye vifungo, mezani kwake kalamu tano zimepangwa kwa urefu. Alizaliwa Tabora, akasoma mbali, akarudi na sifa zake, na ukweli usemwe, michoro yake ilikuwa mizuri kuitazama. Ukuta mzima ulifunikwa na ramani ya jiji, na juu yake mstari mwekundu ulitoka Buguruni ukanyooka, ukafika Kariakoo, ukazunguka nyuma.

"Inspekta, jambo hili mbona liko wazi," alisema. "Za kushoto ndizo fomu halisi. Zililetwa mapokezi wiki ya kwanza ya Januari, ndani ya bahasha iliyofungwa."

"Zililetwa na nani?"

"Sikumwona."

"Na za kulia?"

"Hizo kaja nazo Kessy mwenyewe mwezi uliopita, baada ya kusikia njia haipiti kona yake. Anasema ni nakala za kaboni. Nani siku hizi anatumia kaboni?"

Sabaha aliinua fomu moja ya kulia. Ilikuwa na rangi ya bluu iliyofifia, alama ya jasho la kiganja, na pembeni tone kubwa la mvua lililokauka. Akainua ya kushoto. Ilikuwa nyeupe, haina hata kunyanzi.

"Hizi zako ni safi sana kwa fomu zilizojazwa barabarani."

"Usafi ni kosa?"

"Bado."

Adamu akatabasamu, akafungua kijitabu. "Usiniamini mimi, amini Mwongozo. Ukurasa wa kumi na mbili. Kila kituo kitakuwa na shahidi mmoja, mfanyabiashara wa eneo hilo, atakayetia sahihi kila jioni. Umesikia? Mmoja. Fomu za kushoto zina shahidi mmoja, Elibariki Mtui, siku zote saba. Za kulia, siku tatu kasaini Mtui, siku nne kasaini mtu mwingine, Shaibu sijui nani. Anayeghushi kwa haraka ndivyo anavyoharibu."

Sabaha alilinganisha. Kweli. Siku ya Kwanza hadi ya Tatu, sahihi ya Mtui pande zote mbili. Kuanzia Siku ya Nne, kulia paliandikwa Shaibu kwa herufi za kuchapa, kushoto Mtui aliendelea kusaini bila wasiwasi.

"Na kuna jambo watu wanaona haya kulisema," Adamu akaongeza, sauti chini. "Kessy na Mtui kwao kumoja. Mmoja Kilema, mwingine Marangu, unavuka mto tu umefika. Na duka la Mtui liko kwenye kona hiyohiyo. Jumlisha mwenyewe."

"Michoro ya kuzunguka soko ilikamilika lini, Injinia?"

"Novemba."

"Kabla ya hesabu."

"Michoro ya awali, Inspekta." Akazigusa kalamu zake, akazinyoosha upya ingawa zilikuwa zimenyooka. "Ya awali."

Sabaha aliandika neno Novemba kwenye daftari lake, akalipigia mstari. Kisha akatoka koridoni na kumwambia Josepha asimame, wanaenda Kariakoo.

Kutoka Mchafukoge ni mwendo wa miguu. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha madimbwi kila mahali, na watu wa Kariakoo, ambao hawana muda wa kusubiri ardhi ikauke, walikuwa wameshaweka matofali ya kukanyagia. Kona ya Wauza Ndoo ilikuwa imechachamaa. Maguta ya magurudumu matatu yalipita yamejaa sufuria hadi dereva haonekani. Akina mama wa Buguruni walivuka na mabelo ya mitumba kichwani, shingo zimenyooka, huku wanapatana bei kwenye simu. Mtu mgeni angeona fujo. Sabaha naye aliona fujo.

"Unasema uliwahesabu hawa," alimwambia Josepha. "Haya, hesabu sasa. Robo saa. Mimi nahesabu pembeni yako, na koplo anapanda pale ghorofani kurekodi kwa simu."

Josepha alitazama huku na huko, akaacha kivuli kizuri cha mwavuli wa muuza juisi, akaenda kusimama kwenye ngazi ya tatu ya duka la vitambaa, juani.

"Hapa? Mbona jua kali?"

"Pale kivulini mlango wa nyuma wa magari hauonekani, afande. Nilijaribu sehemu sita kabla sijaipata hii." Akatoa rozari mfukoni. "Punje moja, watu kumi. Hamsini zikiisha, mia tano, naandika kwenye fomu, naanza upya."

"Padri anajua?"

"Anajua. Alisema nikimaliza hesabu nisali rozari nzima, ya kulipia."

Sabaha akajikaza asicheke. Josepha akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ya mwalimu. "Afande, usitazame nyuso. Ukitazama nyuso utakutana na mtu unayemjua, utamsalimia, umeshapoteza kumi. Tazama miguu. Mguu ukiacha ardhi na kukanyaga gari, huyo ni mmoja. Akipanda akashuka kwa kuwa kakosa nafasi, mtoe."

Wakaanza. Dakika tatu za mwanzo Sabaha aliona ni kazi rahisi. Dakika ya nne magari mawili yalisimama pamoja, watu wakaparamia milango, kondakta akamsukuma mtu, mtu akamsukuma kondakta, na Inspekta wa miaka kumi na saba kazini akajikuta hajui kama yuko sabini na nane au themanini na saba. Akamtupia jicho Josepha. Yule mwanamke alikuwa ametulia tuli, macho yako chini, kidole gumba kinatembea kwenye punje. Mpita njia alimkanyaga, hakugeuka. Muuza karanga alimwita kwa jina, hakuitika. Sabaha, ambaye katika kazi yake alikuwa amekutana na wadunguaji, wapiga ramli na maafisa wa benki, hakuwahi kuona mtu aliyetazama kitu kwa namna ile, na alimpenda hapohapo, kabla hata hajajua kama ni mkweli.

Robo saa ilipokwisha, Sabaha alikuwa na mia mbili na tatu. Josepha alikuwa na mia mbili themanini na nane. Beno alishuka na simu, wakaingia ndani ya duka la vitambaa, wakaitazama video polepole, mara mbili, koplo anapiga vistari kwenye karatasi.

"Mia mbili themanini na saba," Beno alisema. "Dada, umezidisha mmoja."

"Hapana," Josepha alijibu. "Rudisha pale guta la ndoo za njano lilipopita."

Beno akarudisha. Guta likapita. Nyuma yake, kwa sekunde moja, likaonekana pindo la kanga na kisigino cha ndala kikiacha ardhi.

"Mama wa belo," Josepha alisema. "Alipanda mlango wa nyuma."

Beno aliitazama simu, akamtazama Josepha, akafuta namba yake na kuandika ya mwenzake. Sabaha yeye alikuwa tayari anazidisha kwenye daftari: mia mbili themanini na nane kwa robo saa, zaidi ya elfu moja na mia moja kwa saa, saa kumi za hesabu kwa siku, mara siku saba. Ilikuja karibu elfu themanini. Na huu haukuwa hata msimu wa sikukuu.

Lakini hesabu ya leo si ushahidi wa Desemba. Injinia angesema hivyo kabla hujamaliza sentensi, na kamati ingemkubalia. Kujua kuhesabu hakumzuii mtu kughushi.

"Kwa nini shahidi wako alibadilika Siku ya Nne?" Sabaha aliuliza.

"Mzee Mtui alisafiri, nikamwomba Shaibu wa dukani kwake. Niliwaambia siku ya kwanza nilipohojiwa. Aliyekuwa anaandika alisema hilo si la muhimu."

Duka la Elibariki Mtui lilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Ndoo zilining'inia kutoka darini hadi kichwani kwa mteja, na katikati ya mabeseni alikaa mzee mnene wa miaka sitini na tano, miwani kwenye paji la uso. Juu ya ngazi ya mbao, mwanamume mkavu aliyekuwa anapanga majagi alikuwa ndiye Shaibu, mtu wa Masasi, miaka tisa katika duka lile.

"Shikamoo, baba," alisema Sabaha.

"Marahaba, mama. Karibu ndoo."

"Sijaja kwa ndoo." Akamwonyesha kitambulisho. Mzee akashusha miwani, uso ukabadilika. Mlangoni Josepha naye alimwamkia, akaitikiwa, akabaki palepale nje. Hakumwomba mzee kitu wala kumkonyeza.

Sabaha alimwekea fomu safi, zile za kushoto, moja baada ya nyingine. "Sahihi hizi ni zako?"

Mzee alizisogeza karibu na pua. "Hii yangu. Ina mkia hivi, naukata hivi. Hii yangu. Na hii."

"Siku ya Sita?"

"Yangu."

"Siku ya Saba?"

"Mama, sahihi yangu siijui? Zote zangu."

Nje, Josepha aliinamisha kichwa. Kama mzee amesaini siku zote saba, basi kesi imekwisha, na yule mwanamke aliyempenda kule juani ni mwongo hodari kuliko wote. Lakini kazi ni kazi. Akafungua daftari, akaangalia karatasi ya juu ya bahasha, ambako tarehe ziliandikwa, akasoma kwa sauti huku anaandika.

"Shahidi, Elibariki Mtui, anakiri kwamba alitia sahihi yake dukani kwake Kariakoo kila jioni, kuanzia tarehe kumi na nane hadi tarehe ishirini na nne Desemba..."

"Hadi lini?"

"Ishirini na nne Desemba."

Mzee akavua miwani. Akamtazama Shaibu kule juu. Shaibu akaanza kucheka kwanza, ngazi ikatikisika, jagi moja likaanguka. Kisha mzee akacheka, kicheko kinachoanzia tumboni, mpaka akajifuta macho.

"Inspekta, samahani. Tarehe ishirini na nne Desemba umkute Mchaga amekaa Kariakoo anasaini karatasi? Huyo ana kesi au kachanganyikiwa! Mimi tarehe hiyo niko Marangu, nimeshashika kisu, mbuzi ananitazama. Nimeondoka hapa tarehe ishirini na moja, basi la kwanza, na wajukuu wanne. Miaka thelathini na moja sijawahi kukosa."

"Nne za mwisho nilisaini mimi," Shaibu alisema kutoka juu. "Dada Josepha alikuja kila jioni, na mvua yake, na kalamu yake. Mimi kwetu Krismasi haipo, nikabaki na duka."

Sabaha alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliona haya. Kila mwaka wiki ile ya Krismasi yeye huendesha gari kutoka Ukonga hadi Posta kwa dakika ishirini, barabara nyeupe, na kila mwaka huwashukuru Wachaga kwa kwenda kwao. Jambo ambalo jiji zima linalijua na kulitania, na yeye alikuwa amelala na zile fomu siku tatu bila kuliona, kwa sababu zilisema Siku ya Sita na Siku ya Saba, si tarehe.

"Kwa hiyo sahihi hizi nne...?"

"Zimefanana na yangu. Sijaziandika mimi." Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mzee alizipanga zile karatasi, akazirudisha. Alikuwa mfanyabiashara wa siku nyingi na alishaona mwisho wa barabara. "Niambie, mama. Fomu hizi safi zikianguka, basi linapita hapa?"

"Linapita."

"Na ukuta wangu?"

Sabaha angeweza kumzungusha. "Sitakudanganya, baba. Ukuta wa mbele utapigwa alama ya X nyekundu, na fremu yote itavunjwa."

Mzee aliutazama ukuta wake. Palikuwa na kalenda ya usharika, picha ya harusi, na ndoo nyekundu zilizopangwa hadi juu. "Na nikisema nilikuwepo?"

"Binti yule analala mahabusu leo."

"Shaibu hatoshi?"

"Shaibu ni mtu wako, na jina lake liko kwenye fomu zinazotiliwa shaka. Watasema mmepanga. Iliyoigwa ni sahihi yako. Wewe ndiye wa kusema si yako, tena mbele yao, saa nane."

Mteja aliuliza bei ya beseni mara mbili, hakujibiwa, akaondoka.

"Niache kwanza," mzee alisema hatimaye.

Barabarani, Beno alikuwa anachemka. "Afande, tumchukue tu. Tuna mamlaka."

"Ukimburuta, atafika pale hakumbuki kitu. Twende."

Josepha alitembea mbele yao. Alikuwa amesikia kila kitu.

Saa nane kamili kamati ilikaa. Mwenyekiti alikuwa mama Leticia Ndunguru, mwanamke wa Songea mwenye sauti ndogo na macho yasiyopepesa, na pamoja naye wajumbe sita. Injinia Adamu alieleza njia yake, fimbo mkononi, na alieleza vizuri. Kisha Sabaha akapewa nafasi.

Alisema alichokiona. Alieleza robo saa ya konani, video, pindo la kanga. Wajumbe wawili waliinama mbele. Alieleza kaboni na jasho. Kisha akaeleza sahihi nne, tangu mzee alipozikubali hadi alipozikana, na Adamu akainua mkono.

"Mama Mwenyekiti, shahidi yuko wapi? Inspekta anatuletea maneno ya mtu ambaye hayupo, na ya muuza duka wake. Mzee mwenyewe ameziona sahihi akasema ni zake. Si ndivyo, Inspekta?"

"Mwanzoni, ndivyo."

"Basi."

Saa nane na dakika ishirini na tano. Sabaha alivuta muda. Aliuliza habari za mapokezi, akauliza ukurasa wa kumi na mbili usomwe tena. Mama Leticia alitazama saa. "Inspekta, una lolote jipya?"

Mlango ulifunguliwa. Elibariki Mtui aliingia akiwa amevaa suti ya kanisani, jasho linamtiririka, amejishika kifua kwa ajili ya zile ghorofa nne. Hakusubiri kukaribishwa.

"Sahihi nne za mwisho si zangu," alisema, akatafuta pumzi. "Tarehe ishirini na moja mpaka ishirini na nne nilikuwa Marangu. Tiketi ninayo, picha ninazo, mchungaji ninaye, mpigieni."

Mjumbe mmoja, bwana Anselmi, naye wa kulekule mlimani, aligonga meza. "Ishirini na nne Desemba! Mlimweka Mtui Kariakoo tarehe ishirini na nne!" Chumba kikacheka, hata mama Leticia akaziba mdomo.

Mzee hakucheka. "Ngojeni, sijamaliza. Nyote mnajua duka langu linavunjwa njia ikipita pale. Nimekaa asubuhi nzima natafuta namna ya kunyamaza. Nimekosa. Siku ile naondoka, binti huyu alinipa kanga mbili na kilo tano za sukari nimpelekee mama yake Kilema. Nikamuuliza, wewe huji? Akasema anahesabu watu. Nimefika kwa mama yake, mama ananiuliza, huyu mtoto kapatwa na nini, Krismasi yake ya kwanza kukosa nyumbani? Nikamwambia, mama, anahesabu watu. Sasa leo nikamwambie amefungwa kwa hiyo hesabu? Siwezi. Vunjeni."

Josepha alikuwa anatazama sakafu, na machozi yalimdondoka wazi, hakuyafuta. Sabaha aligeuka kwa Adamu.

"Injinia, wewe ndiye uliyeniambia asubuhi kwamba Mtui ni mtu wa Marangu. Ulijua. Ulimwekaje dukani mkesha wa Krismasi?"

Adamu alikuwa amekaa. Fimbo ilikuwa bado mkononi. "Fomu halisi zilikuwa na mashahidi wawili," alisema polepole. "Mwongozo unasema mmoja. Nikaona litazua maswali, nikaziandika upya zote saba kwa sahihi ya Mtui, na hesabu nikaipunguza. Michoro ilikuwa imekamilika, Mama Mwenyekiti. Miezi minane ya kazi. Ile kona ingeivunja yote." Akatazama ramani yake nzuri ukutani. "Sikufikiria watu. Nilifikiria fomu."

Beno alimgusa bega, akamwongoza nje kwa upole. Kile kijitabu cha Mwongozo kilibaki wazi mezani, hakuna aliyekifunga.

Mama Leticia alivuta jalada mbele yake, akafungua kalamu. "Basi, kamati inapokea fomu za kulia. Njia inapita Kona ya Wauza Ndoo. Mzee Mtui, suala lako litakuwa la kwanza kikao kijacho, nimeahidi mbele ya watu hawa." Akamgeukia Josepha. "Kessy, niambie jumla."

Josepha alisimama. Sauti ilikuwa bado na machozi. "Elfu sabini na tisa, mia moja arobaini na sita."

"Nitaandika elfu sabini na tisa. Kwenye jalada tunapenda namba nzima."

Wajumbe walikuwa wameanza kukusanya makaratasi. Mtu aliyekuwa anaokolewa kutoka mahabusu angesema asante na kukaa. Josepha hakukaa.

"Samahani, mama. Na hao mia moja arobaini na sita tutawaambia wapande nini?"

Mama Leticia alimtazama, kalamu hewani. Kisha akaikata ile elfu sabini na tisa, na chini yake akaandika namba yote, tarakimu moja moja, huku Josepha anamsomea.